Mwai Kibaki na sahihi ambayo haikutiwa

Mabibi na mabwana, wengi wetu tunamkumbuka Mwai Kibaki kwa barabara ya Thika na elimu ya msingi bila malipo. Mimi leo nitamzungumzia kwa jambo ambalo halikufanyika wakati wake: bima ya afya ya kila Mkenya.

Mzaliwa huyu wa Othaya alisomea uchumi Makerere, kisha London, halafu akawa waziri wa fedha kuanzia 1969 hadi 1982. Mtu aliyeshika mkoba wa nchi miaka yote hiyo hasikii ahadi bila kuuliza pesa zitatoka wapi. Mwaka 1988 Rais Moi alimvua umakamu wa rais akampeleka Wizara ya Afya. Watu walisema ameshushwa, na kweli alishushwa. Desemba 1989, yeye akiwa waziri, hospitali za serikali zikaanza kutoza ada chini ya mpango wa kugawana gharama, ambao wafadhili waliusukuma, Benki ya Dunia ikiwa mbele. Wagonjwa wakapungua vituoni. Mwaka uliofuata ada za wagonjwa wasiolazwa zikasimamishwa, zikaja kurudishwa baadaye kidogo kidogo.

Sasa turuke hadi Desemba 2002. Kibaki anaapishwa kuwa rais Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, baada ya ajali iliyomfikisha hospitalini London. (Ni Wakenya wangapi waliovunjika mifupa mwezi huo walipanda ndege? Basi.)

Wakati huo tulikuwa na NHIF, hazina ya taifa ya bima ya hospitali iliyoanzishwa 1966, na waliofaidika nayo hasa ni wenye payslip. Waziri wa Afya, Charity Ngilu, akaleta mswada wa hazina mpya ya bima ya afya kwa wote: waajiriwa na waajiri wachange, maskini walipiwe na serikali. Bunge likaupitisha Desemba 2004. Ikabaki sahihi ya rais, naye hakuitia.

Kwa nini? Wizara ya Fedha ilisema mzigo haubebeki. Waajiri walinung'unika, na kampuni binafsi za bima hazikuwa na la kushangilia. Kwa maoni yangu, aliyekataa pale ni Kibaki yule mchumi, waziri wa fedha wa zamani, wala hesabu yake haikuwa ya kipuuzi: wenye ajira rasmi walikuwa wachache, na ndio wangebebeshwa wasio na kitu. Ninachomlaumu ni kwamba mswada ulirudi ukalala, naye alikuwa na miaka minane zaidi ya kuurekebisha.

Tusimnyime haki yake, lakini. Mwaka huohuo wa 2004, ada za vituo vidogo zilishushwa hadi Sh10 kwenye zahanati na Sh20 kwenye kituo cha afya. Waziri aliyezileta ada ndiye rais aliyezikata, na hilo halisemwi vya kutosha. Agosti 2010 akaidhinisha Katiba ambayo kifungu chake cha 43 kinaifanya afya kuwa haki.

Alifariki Aprili 2022. Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kabla hajauona. Mama mboga na mtu wa bodaboda wanatakiwa walipe ya mwaka mzima mapema, na wengi hawalipi. Ni palepale Wizara ya Fedha ilipokwama 2004. Aliye na hesabu tofauti, kipaza sauti ni hicho. Karibu.