Kabla hujafomati, angalia flashi imewaka kwa njia gani

Habari zenu jamani, shikamooni wakubwa. Naona laptop zilizogoma zimejaa mezani, na wengine hapa Ngamiani nimeshawaambia hili mpaka sauti imekauka, lakini leo nalisema tena: umeinstoli Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, mashine haiwaki, usikimbilie kufomati, yaani kufuta diski uanze upya.

Mwezi uliopita mama mmoja mwalimu aliniletea laptop kaivingirisha kwenye kanga, kaipakata kama mtoto mwenye homa. Kijana wa mtaani kwao alimuwekea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, pembeni ya Windows, kazi ikaisha salama, kuwasha ikaingia Windows moja kwa moja kama vile hakuna kilichowekwa. Kijana akarudia, vile vile. Mara ya tatu akachoka, akachagua kufuta diski nzima, kuwasha sasa kioo cheusi kimeandika No bootable device. Na mle ndani kulikuwa na picha za marehemu mumewe.

Niliichukua flashi ile ile aliyoinstolia kijana, nikaiwasha kama alivyoiwasha yeye, nikafungua terminali, dirisha la kuandikia komandi, nikaandika ls /sys/firmware/efi. Ikajibu folda hiyo haipo, na hiyo huwepo tu mashine ikiwaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwashia kompyuta. Ugonjwa ndio huo! Flashi ilikuwa inawaka kwa njia ya zamani ya BIOS, ile legacy, wakati Windows ya mama ilikuwa ya UEFI. GRUB, programu inayowashia Linux, ikawa inajiandika kule mwanzo wa diski, na UEFI kule haiangalii, yenyewe inatafuta faili la .efi kwenye patisheni yake ndogo ya FAT32, kipande cha diski kinachoitwa EFI. Ukibonyeza F12, au kitufe chochote cha menyu ya kuwashia kwenye mashine yako, mara nyingi flashi moja inatokea mara mbili, mstari mmoja una neno UEFI mbele. Kijana alibonyeza ule wa juu, mara zote tatu. Komandi moja, sekunde mbili, picha zingekuwepo mpaka leo.

Kuna atakayesema, mwalimu, kufomati ndiyo haraka. Haraka gani hiyo, ukifomati ukiwa umewaka kwa njia ile ile si unapanda kosa lile lile tena, na safari hii huna cha kuokoa!

Haya, dawa. Washa flashi kwa UEFI, mount, yaani unganisha, patisheni ya Linux kwenye /mnt, ile ya EFI kwenye /mnt/boot/efi, halafu /dev, /proc na /sys uziingize kwa mount --rbind, piga chroot /mnt uingie ndani ya Linux uliyoinstoli, kisha grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi, malizia na update-grub. Majina ya patisheni usikisie, piga lsblk -f usome kwa macho yako, ya EFI utaiona imeandikwa vfat. Na ile ya EFI usiifomati, faili la kuwashia Windows nalo linakaa humo humo.

Muda umeenda. Wale ambao Linux inawaka ila Windows haionekani kwenye menyu, tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 os-prober, ile inayoitafutia GRUB mifumo mingine kwenye diski, inakuja imezimwa, kwenye /etc/default/grub andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, halafu update-grub. Secure Boot, ule ulinzi wa UEFI unaokagua faili za kuwashia, tutaiona mashine kwa mashine. Yule dada wa nyuma mwenye laptop ya bluu, ilete hapa mbele, na flashi uliyoinstolia uje nayo.