Shamba Lililotangulia Taifa: São Tomé na Príncipe

Walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wakulima mliotoka Muhoroni na Chemelil kuja hapa Kisumu, hamjambo?

Wengi wenu mmepita Maseno mkielekea Busia, mkaona alama ya ikweta kando ya barabara. Ufuateni mstari huo kuelekea magharibi. Mtavuka Uganda, Kongo zote mbili na Gabon, muingie baharini katika Ghuba ya Guinea, na huko mtapita juu ya kisiwa kidogo kiitwacho Ilhéu das Rolas. Hapo mmefika São Tomé na Príncipe, nchi ya kilomita za mraba 1,000 hivi na watu zaidi ya 200,000.

Ni milima ya volkano iliyochomoza baharini, na kilele kirefu kabisa kina mita 2,024. Udongo una rutuba, mvua haikosi. Milima naiachia hapo, maana kilichonileta mbele yenu ni watu. Wareno walipofika karibu mwaka 1470 hawakukuta mtu. Wakazi wa kwanza waliletwa, wengi wao kwa minyororo, na jasho lao likamwagika kwenye mashamba ya miwa.

Ndiyo, miwa, wakulima wangu. Katika karne ya 16 visiwa hivyo vilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa sukari duniani. Mwaka 1595 mtumwa aitwaye Amador aliongoza uasi, na viwanda vingi vya sukari vikateketezwa. Soko likahamia Brazil.

Karne ya 19 ikaja na kakao. Utumwa ulifutwa kisheria katika miaka ya 1870, lakini meli ziliendelea kushusha vibarua wa mkataba kutoka Angola, na baadaye Cape Verde na Msumbiji. Wengi hawakuona kwao tena. Nawaomba vijana mlishike hili: sheria ilibadilika, kazi ikabaki ileile. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza iliacha kununua kakao ya huko kwa sababu hiyo.

Wazao wa watumwa walioachwa huru, waitwao forro, walikataa katakata kibarua cha mashambani. Februari 1953 uvumi ukaenea kwamba watalazimishwa. Walipopinga, utawala wa kikoloni uliwaua wengi, na jina la kijiji cha Batepá likabaki kuwa jina la mauaji hayo. Tarehe 3 Februari ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Julai 1975. Serikali ilitaifisha mashamba makubwa, uzalishaji ukaporomoka, na katika miaka ya 1990 ardhi ikaanza kugawiwa familia. Leo kakao na mafuta ya mawese ndivyo vinavyoongoza katika mauzo ya nje, huku chakula kingi kikiagizwa kwa meli.

Majengo ya zamani ya mashamba hayo, yaitwayo roça, bado yamesimama. Familia zinaishi katika vyumba vilivyojengewa vibarua, na asubuhi hutoka kwenda kuchuma kakao katika vipande vyao wenyewe.