Mtoto Hana Mtindo Mmoja wa Kujifunza

Ndugu wazazi na walimu, narudia jambo nililolisema mara nyingi, kwa sababu madhara yake bado yanaonekana madarasani. Mtoto akishaambiwa kwamba yeye ni “wa kuona”, mwenzake “wa kusikia” na wa tatu “wa kutenda”, amepewa sababu ya kukimbia kila kisicholingana na jina hilo.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walichapisha tathmini ya tafiti kuhusu nadharia hii, inayodai kwamba kila mtoto hujifunza vyema zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Walieleza ushahidi unaotakiwa: wanafunzi wapangwe kwa mitindo yao, kisha katika kila kundi baadhi, kwa kuteuliwa kinasibu, wafundishwe kwa njia moja na wengine kwa nyingine, na wote wafanye mtihani uleule. Nadharia ikiwa ya kweli, njia inayowafaa zaidi “wa kuona” isiwe ndiyo inayowafaa zaidi “wa kusikia”. Tafiti zilizopangwa hivyo zilikuwa chache mno, na kadhaa kati yake ziliipinga nadharia waziwazi.

Mzazi ataniuliza: mbona mwanangu hupenda michoro? Aipende, sibishani naye. Ninachokataa ni kudhani kwamba anachokipenda ndicho lazima kitakachomfundisha. Umbo la bara hujulikana kwa kutazama ramani, matamshi kwa kusikiliza, na kuogelea kwa kuingia majini, awe mtoto wa hulka yoyote. Somo lenyewe ndilo huamua njia. Na kijana anayerudia kusoma kurasa zilezile hadi aridhike kwamba ameelewa, angekumbuka kwa muda mrefu zaidi kama angefunga kitabu na kujiuliza maswali.

Je, nasema watoto wote ni sawa? Hasha. Madaktari wa magonjwa ya akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 jijini New York kufuatilia watoto tangu uchanga, waliona wapo wepesi wa kuzoea, wapo wagumu, na wapo wanaochelewa kuchangamka. Takribani asilimia 35 hawakuingia kundi lolote. Walichosisitiza ni ulinganifu kati ya hulka ya mtoto na matarajio ya wanaomlea: anayechelewa kuchangamka apewe nafasi ya kuzoea, asisukumwe wala asiachwe ajitenge.

Kuhusu vijana, muda umenibana. Hojaji za haiba zinazompa mtu jina la herufi nne, zilizotokana na mawazo ya Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, ya mwaka 1921, humweka mtu upande mmoja au wa pili wa kila sifa, ilhali wengi wako katikati. Kijana wa miaka 14 bado anabadilika. Asichaguliwe masomo kwa majibu ya hojaji hizo.