Mto Lena unavyojizibia njia wenyewe

Asanteni kwa kuja jamani, sogeeni huku mbele. Leo nawapeleka Siberia, kwenye mto Lena, na ukitaka kuuelewa huu mto anza na uelekeo wake.

Cheki ramani hapa, unaanzia milimani karibu kabisa na ziwa Baikal, kilometa chache tu, ila ziwani hauingii, unashika njia ya kaskazini kama kilometa 4,300 hivi mpaka bahari ya Laptev. Mtu ataniambia mbona hata Nile inaenda kaskazini, ni kweli, lakini Nile haigandi! Lena ikifika Mei kule kusini joto limeshaanza, barafu inakatika inashuka na maji, huku mbele mto bado umeganda kabisa, basi yale mapande yakifika yanakwama, yanapandana, yanaziba, maji yanarudi nyuma yanaingia majumbani. Mei 2001 mji wa Lensk ulizama karibu wote namna hiyo, ikabidi ndege za kivita zipige barafu mabomu ili maji yapate pa kupita. Mabomu, kwenye mto! Hilo halijawahi kunitoka kichwani.

Na hayo maji mengi hivyo yanatoka wapi? Shida ni ardhi. Pale Yakutsk, mji ulio kando ya huu mto, kuna shimo la Shergin, huyu alikuwa mfanyabiashara, alichotaka ni kisima tu, wakaanza kuchimba 1828 wakaenda mpaka 1837, mita 116 chini, udongo bado umeganda. Sasa ardhi ya hivyo itanywaje maji? Theluji ya msimu mzima ikiyeyuka inakimbilia mtoni kwa mkupuo, Juni peke yake inapitisha kama theluthi ya maji ya mwaka. Huko mwisho kabisa mto unatawanyika kuwa delta ya zaidi ya kilometa za mraba 30,000, yaani Rwanda nzima inaenea na nafasi inabaki.

Yakutsk yenyewe iko ng'ambo ya magharibi na reli inaishia ng'ambo ya mashariki, Nizhny Bestyakh. Baridi ikikaza malori yanapita juu ya barafu, kiangazi pantoni. Ila kuna zile wiki za katikati, barafu imelegea, njia imefungwa, pantoni bado haiwezi kupita, na mwenye mgonjwa au mzigo ng'ambo ya pili anakaa kuuangalia mto unavyopasuka.