Kabla Hujapiga Windows 11

Ndugu zangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kuhamisha kompyuta ya nyumbani kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, na naona wengine mmekuja na mashine zenu kabisa. Vizuri. Ila nitakaa zaidi kwenye yale ya kabla ya kazi yenyewe, maana kubofya na kusubiri hakuhitaji mhadhara.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Mashine hazikuzimika. Zinawaka, Word inafunguka, printa inachapa, na ndiyo maana watu wanapuuza. Kumbukeni Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipofunga mafaili ya watu na kudai pesa, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Sasa wewe wa Windows 10 uliyeachwa hivihivi, tundu jipya likigunduliwa, kiraka chenyewe hakikufikii.

Haya, mashine yako inaipokea Windows 11? RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 wengi mnazo. Kinachokwamisha ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: kwa Intel Core wanataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya kutunza funguo za siri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, tazama mstari wa prosesa. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, mara nyingi utakuta i5-6300U. Hiyo 6 ya mwanzo ndiyo kizazi, umekwama. G5 utakuta i5-8350U, umepita. Muuzaji wa mashine zilizotumika atakwambia "ni i5 hii, bosi", na hajadanganya, ila hajakwambia kitu.

Usifunge hilo dirisha bado. Kuna mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, basi aliyekupigia Windows mara ya mwisho alitumia mtindo wa zamani, na Windows 11 itagoma hata kama prosesa ni nzuri. Dawa ipo: amri ya mbr2gpt inabadilisha mpangilio wa diski bila kufuta mafaili, kisha unaingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, na kuweka UEFI, mtindo mpya wa kuwasha. Wapo wanaoambiwa wanunue mashine mpya kwa ajili ya mstari huu mmoja tu.

Mafundi wengine wataipenyeza Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi, kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kuandaa flashi za kupigia Windows. Inakubali, sikatai. Lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayakimbilia. Ya kuchezea sinema, fanya. Yenye hesabu za duka lako, mimi nisingefanya.

Na kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Windows 11 juu ya diski ile utaiwasha, uchemshe chai, unywe, ndiyo ifunguke.

Waliokwama wana njia mbili. Microsoft imeweka nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026: unalipa dola 30, au unaipata bila malipo ukihifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti yao. Njia ya pili ni kuacha Windows na kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, na mashine ya kizazi cha 4 inaibeba vizuri. Barua, intaneti na LibreOffice, mbadala wa Word na Excel, zimo. Anayetumia Tally, programu ya hesabu za biashara iliyotengenezwa kwa Windows, asiende huko haraka.

Siku ya kazi yenyewe, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, uwe na ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kama limewashwa, chomeka chaji, na bando liwe la gigabaiti kadhaa. Leseni halali ya Windows 10 inahamia bure. Usipoipenda, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia mipangilio, mradi hujafuta folda ya Windows.old, inayotunza Windows yako ya zamani.

Maswali tutayachukua huku tukiangalia mashine. Mwenye i5 ambayo hajui ni ya kizazi gani aanze yeye.