Kumasta singeli: ngoma moja, sabufa za mtaani na spika ya simu

Kumasta ni hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo kabla ya kuutoa. Ingiza mixi yako (sauti zote zikishachanganywa) ikiwa faili la WAV la biti 24, kilele kisizidi dB -6. Kama mixi ina limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango fulani), iondoe. Ikishabanwa, masta haina pa kufanyia kazi.

Anza na besi. Kwenye ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha besi, kati na juu) kata kila kilicho chini ya 30 Hz: hakisikiki sana, ila kinakula nguvu ya ampulifaya na kuichosha koni ya sabufa. Halafu yote yaliyo chini ya 120 Hz yafanye mono, yaani kushoto na kulia kutoke sauti ileile. Mitambo mingi ya sherehe huunganisha kushoto na kulia, na besi iliyotanuka hujifuta yenyewe. Kabla ya hatua hiyo, bonyeza kitufe cha mono usikilize. Besi ikipungua, tatizo liko kwenye mixi, rudi huko.

Sasa kaa makini, hapa ndipo singeli nyingi zinapoharibikia. Kwenye tempo 240 (mapigo 240 kwa dakika), pigo moja ni milisekunde 250 tu. Mkia wa kiki (mlio wa ngoma kubwa ya besi) ukivuka hapo unaikalia kiki inayofuata, na kwenye sabufa kubwa unasikika mngurumo mtupu, mapigo hayapo. Ufupishe uishe ndani ya milisekunde 200. Kompresa nayo (kifaa kinachobana sauti zinapopanda) iweke ikamate baada ya milisekunde 30, iachie kwa 80. Ukiiachia taratibu kama ya ngoma za tempo 120, haipati nafasi ya kuachia kabisa, na wimbo wote unabaki bapa. Tazama sindano ya kompresa: ishuke dB 2, irudi sifuri kabla ya pigo jipya.

Upande wa simu, usiongeze besi. Spika ile haitoi 60 Hz hata ufanyeje, utaharibu sabufa bure. Tengeneza nakala ya wimbo, bakiza yaliyo chini ya 150 Hz, pitisha kwenye satureta (kifaa kinachoikwaruza sauti kidogo na kuzalisha milio ya juu yake), kisha kata chini ya 200 Hz na uchanganye kidogo kidogo. Besi ya 60 Hz itazaa 240 na 300, na sikio litaijaza yenyewe ile ya chini.

Kinanda kikichoma kwenye spika za honi, punguza dB 2 kati ya 3 na 4 kHz.

Limita weka mwisho, dari (kiwango cha juu kabisa) dB -1. Toleo la DJ lifike LUFS -9 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia). Spotify kwa kawaida hushusha hadi -14, kwa hiyo huko toa toleo lenye mbano mdogo, maana sauti itashushwa lakini madhara ya kubana yatabaki. DJ mpe WAV, siyo MP3 iliyopita WhatsApp.