Paa Lako, Masharti ya Mtaa na Jua la Kusini

Ndugu zangu, wengi wenu mmenunua nyumba hapa North Carolina, na siku ya kutia saini mlikabidhiwa bunda nene la karatasi. Humo mna masharti ya chama cha wamiliki wa nyumba: rangi ya mlango, uzio, majani ya uani. Leo nimekuja kuzungumzia paa.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la utosini. Kule kwetu fundi anafunga sola popote kwenye bati na taa zinawaka. Huku jua huelemea kusini, na majira ya baridi hukaa chini kabisa. Paneli ikitazama kaskazini umeme wake hupungua sana. Basi chama kikikwambia, "Weka, ila upande wa nyuma usioonekana barabarani," na nyuma yako ni kaskazini, umepewa ruhusa ya jina tu. Mimi hilo naliita katazo.

Hapa hapa Raleigh, familia moja ilifunga paneli mwaka 2018, mbele ya paa, bila kuomba kibali kwanza. Chama cha mtaa wao, Belmont, kikazikataa, kikatoza faini, mwaka 2020 kikaenda mahakamani. Familia ilishindwa hadi Mahakama ya Rufaa. Juni 2022, Mahakama ya Juu ya jimbo ikawapa haki, majaji 4 dhidi ya 3.

Walishindaje? Sheria ya jimbo ya 2007 inabatilisha masharti yanayozuia sola, lakini imeacha mlango: chama kinaweza kukataza paneli zinazoonekana kutoka barabarani. Masharti ya Belmont yalitaja mwonekano mzuri kwa jumla. Sola hayakuitaja kabisa. Kama yako yanaitaja waziwazi na kuikataza upande wa barabara, usitegemee hukumu hii ikuokoe. Someni kabla ya kumlipa fundi.

Mwenye ndugu Texas amwambie kwao sheria ni ya 2011: chama kinaweza kuchagua sehemu ya paa, lakini sehemu unayoitaka wewe ikizalisha umeme kwa mwaka zaidi ya asilimia 10 kuliko yao, ni yako. California, ombi la maandishi lililokamilika lisipojibiwa ndani ya siku 45, limekubaliwa.

Mliokuja na masharti yenu, yatoeni. Tuanze na ukurasa unaohusu paa.